Goti la Mzee Wapo

Goti la kushoto la Mzee Wapo halikuumizwa na nyati. Hilo tuliweke wazi mapema, maana kuna watu wazima na akili zao ambao waliamini kwa miaka mingi kwamba nyati alimrusha juu ya kichaka, naye akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na doria. Ukweli ni kwamba alianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki, ofisini, saa nne asubuhi, akibadilisha balbu. Kiti kilikuwa na mguu uliopasuka. Kila mtu alijua, hata yeye alijua, lakini balbu ilikuwa imeungua na ngazi ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo. Habari ya nyati ilianzishwa na dereva wa kituo kwa utani, na mwenye goti hakuikanusha. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Aliwaacha watu wamhurumie kama shujaa, na huruma ya namna hiyo ni tamu, nani asiyejua.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumikia hifadhi. Kazi yake haikuwa ya kupigiwa picha. Wenzake walikuwa na tembo na chui wao, yeye alikuwa na vyura. Kila Jumanne alipanda njia ya mlimani peke yake kukagua mabwawa matano madogo yaliyojificha kwenye miamba. Bwawa kubwa kuliko yote lingeenea chumba cha kulala, na dogo lingeingia uvunguni mwa kitanda. Humo waliishi vyura wadogo wa rangi ya chai ya maziwa, kila mmoja anatosha kukaa juu ya kidole gumba, na wataalamu walisema hakuna kwingine wanakopatikana. Alikagua, akahesabu alioweza, kisha akatoa daftari la doria na kuandika kwa kila bwawa maneno yaleyale: Nimefika. Wapo. Kila Ijumaa mkuu wa kituo alitia saini ukurasa mzima kwa mchoro mmoja mrefu, simu ikiwa sikioni.

Neno hilo lilimzoea hadi likamtoka hata asipolihitaji. Ukimwuliza habari za watoto, wapo. Nyani je, wapo. Dereva alimwuliza siku moja kama meno yake yote bado yapo, akajibu wapo, na ndiyo siku jina lilipomganda. Hata mkewe alikuja kulitumia, hasa akiwa amekasirika.

Waliishi nyuma ya ofisi, nyumba ya kituo ya vyumba viwili na kibaraza cha saruji. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa dirishani chumba cha mbele, na sare zote za kituo zilipitia mikononi mwake, kuanzia kofia hadi mifuko ya suruali iliyotobolewa na funguo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila yale machache hayakupotea njiani.

Sasa huyu mzee alikuwa na udhaifu mmoja, kama huo tunauita udhaifu: hakuweza kuona kiluwiluwi anahangaika. Miezi ya ukame mabwawa yalipungua hadi viluwiluwi wakabaki wanagaragara kwenye matope, na yeye akawa harudi nyumbani na amani. Basi akaanza kubeba maji. Alichukua dumu la lita kumi, akalifunga kwa mikanda ya begi la shule la binti yake aliyekwisha kuolewa, akalijaza kwenye kijito kinachopita kituoni, pale wageni wakirudi matembezini huosha miguu na viatu vyao. Kila bwawa akalimiminia lita mbili. Lita mbili si kitu mbele ya jua la kiangazi, lakini akiondoka aliona mikia midogo inachezacheza, na hilo lilimtosha wiki nzima. Daftarini akaongeza sentensi ya tatu: Nimefika. Nimeongeza maji. Wapo.

Bwawa la tano ndilo lililokuwa na shida. Lilikuwa juu ya mwamba, na kulifikia kulikuwa na ngazi za mawe sitini na tatu, zimesimama wima kama zimemkasirikia mtu. Kabla ya balbu alizipanda anapiga mluzi. Baada ya balbu alijaribu mara mbili, na mara ya pili alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, akimshukuru Mungu kwamba mlima ule hauna watu. Tangu siku hiyo hakupanda tena. Alikaa kwenye jiwe bapa chini ya ngazi, akanyamaza, akatega sikio. Vyura wale hulia hata asubuhi kukiwa na mawingu, sauti kavu kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Akishawasikia alitoa daftari na kuandika kama kawaida, bwawa la tano, nimefika, nimeongeza maji, wapo. Zile lita mbili za mwisho alizimwagia goti lake ili lipoe.

Alifanya hivyo kila Jumanne kwa miaka tisa. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Aliogopa tu kwamba askari asiyeweza kupanda ngazi ataambiwa akapumzike, na kupumzika maana yake ni kurudisha sare, ufunguo na nyumba. Tena vyura walikuwepo kweli, si aliwasikia. Mtu akitaka kujisamehe hakosi hoja.

Halafu ugonjwa ukaja.

Jumanne moja alimkuta chura wa bwawa la kwanza ameketi juani, miguu ya nyuma ameinyosha kama msafiri aliyechoka. Alimgusa kwa jani na hakuruka. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na mmoja wa namna hiyo, na wengine walielea matumbo juu, ngozi inawabanduka vipande vipande. Mzee Wapo alikwisha kuona mizoga mikubwa ya kutosha katika maisha yake, na hakuna hata mmoja uliowahi kumtoa chozi. Siku hiyo alikaa kwenye majani akalia, na jioni akamweleza mkewe kwamba amelia. Daftarini aliandika: Wapo. Wanaumwa. Mkuu wa kituo akatia saini. Wiki ya pili akaandika: Wanakufa. Mkuu akatia saini. Wiki ya tatu ilibidi asimame mbele ya meza, amsomee kwa sauti, ndipo mkuu akaweka simu chini.

Aliyetumwa alikuwa daktari wa wanyama, mwanamke kijana kidogo kuliko walivyotarajia, aliyeshuka na masanduku kumi na nne na begi moja la nguo. Mzee Wapo hakumpenda mara moja. Aliwaita vyura kwa namba, na kabla ya kumshika kila mmoja alivaa glavu mpya, kana kwamba vyura wa watu wana uchafu. Alimpapasa chura tumboni kwa kijiti chenye pamba, akakifungia kijiti kwenye kichupa, akamwachia. Kutwa nzima alifanya hivyo bila kula. Siku ya tatu Mzee Wapo alimpelekea chai bila kuombwa, akaiitikia vizuri shikamoo yake, na kuanzia hapo wakawa watu wa kuzungumza.

Kutoka kwake kituo kizima kilijifunza kwamba muuaji ni kuvu, jamii ya ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini, ila huu unaishi majini na mbegu zake zinaogelea. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi, na hata hewa huipata kwa ngozi, kwa hiyo kuvu ikishajenga humo, moyo wake unasimama. Kuvu hii husafiri kwenye tope la viatu, kwenye ndoo, kwenye tone la maji. Daktari akaweka beseni mbili langoni, moja ya maji na brashi, ya pili ya dawa ya kuua vijidudu, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda mlima kabla ya kusugua mabuti yake. Watu walicheka. Mpishi alisema hata ukweni hajawahi kuvulishwa viatu kwa masharti namna hiyo.

Baada ya wiki mbili daktari aliomba madaftari yote ya doria. Alikaa nayo ofisini siku nzima, chini ya ile balbu, kisha akamwita mwenye mwandiko.

"Mzee, haya maji uliyokuwa ukiongeza," aliuliza, "ulikuwa ukiyachota wapi?"

Mzee Wapo alinyoosha kidole dirishani, kijitoni, ambako wakati ule ule mgeni mmoja alikuwa ameinama anaosha soli za viatu vyake. Daktari alitazama kidole, akatazama kijito, akafunga daftari taratibu. Wala hakuhitaji kueleza. Mzee Wapo alihisi miguu yote miwili imekuwa goti la kushoto.

Maji ya kijito yalipimwa, na kuvu ilikuwemo, labda kwa miaka miwili. Ililetwa na kiatu cha nani haitajulikana, lakini aliyeipandisha mlimani alijulikana. Kwa siku nne Mzee Wapo hakutoka ndani. Siku ya tano daktari mwenyewe alikuja kibarazani, akakataa kiti, akaketi kwenye saruji karibu naye. Alimwambia kwamba alibeba maji kwa sababu aliwapenda, na kwamba hakuna mtu pale, hata yeye mwenye vyeti, ambaye angemwambia aache. Alisema neno kosa halifai, hili ni jambo lililotokea kwa mkono wake. Mkuu wa kituo naye alipita na kusema hayo hayo kwa maneno ya kiofisi, na mpishi akaleta bakuli la supu. Mzee Wapo aliwashukuru wote. Hakuwahi kujua kwamba kusamehewa kunaweza kumbana mtu kifua hivyo.

Mabwawa yalizidi kunyamaza. La kwanza, la pili, la tatu. Kufikia mwisho wa mvua la nne nalo lilikuwa maji matupu. Ndipo daktari alipopanda zile ngazi sitini na tatu na masanduku yake, akakaa huko siku mbili, na siku ya tatu akashuka mbio na kwenda moja kwa moja kibarazani kwa Mzee Wapo, kabla hata ya kwenda kwa mkuu.

"Mzee, wako sitini na wawili," alisema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Nimewapima wote, hakuna hata mmoja mwenye kuvu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Akaeleza. Vyura wa bwawa la tano walimiminiwa maji yale yale, kwa mkono ule ule, kila Jumanne ya kiangazi, miaka miwili mfululizo tangu kijito kiingiwe na kuvu. Wenzao wa chini waliisha, wao wamedumu. Maana yake ni moja tu, wamekutana na ugonjwa na miili yao imeushinda. Hao ndio mbegu. Alhamisi atawachukua arobaini, awashushe katika mabwawa manne ya chini, kumi kila bwawa, na mlima utalia tena. Bila daftari asingejua kwamba wana kinga.

"Mwandiko wako ndio umewaokoa," alisema.

Mzee Wapo alijibu ahsante, Daktari, Mungu ni mkubwa. Lakini yeye peke yake, duniani kote, alijua kwamba katika bwawa la tano halikuingia hata tone. Wale sitini na wawili hawakushinda ugonjwa wowote. Hawakuwahi kukutana nao. Ukiwashusha kule chini wataketi juani miguu imenyooka, kama wenzao.

Jumatano mchana alimkuta mkewe kwenye cherehani, amezungukwa na vipande vya wavu mweupe mwembamba. Daktari alimpa kazi ya kushona vifuko vya kubebea vyura, kila mmoja na chake, wasije wakagusana njiani. Vilivyokwisha vilikuwa vimepangwa juu ya kitanda, vidogo, vina kamba za kufungia, vizuri kama nguo za mtoto mchanga.

Aliuliza viko vingapi. Mkewe alisema thelathini na vinne, bado sita. Mzee Wapo alikaa ukingoni mwa kitanda, akakiminya kifuko kimoja, akakinyoosha, kisha akamwambia yote, kuanzia jiwe bapa hadi lita mbili za mwisho. Mkewe hakugeuka. Aliendelea kukanyaga pedali hadi mwisho wa mshono.

"Suruali yako ya Jumanne inarudi imelowa goti moja," alisema. "Miaka tisa naifua. Nilidhani huko juu unapiga goti kusali."

Alijaribu kujitetea. Alisema labda wana kinga kweli, nani anajua, Mungu hashindwi. Alisema imebaki miezi kumi na minne astaafu, na askari aliyeandika uongo miaka tisa hawezi kuachwa na sare wala nyumba. Alisema walikwisha kumsamehe kosa moja, na la pili litawachosha. Alisema mengi, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake.

Mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nyumba tutapata," alisema. "Chumba kimoja tulishaishi, na watoto watatu. Ila hao wakiisha, Jumanne utaandika nini?"

Kisha akauchomoa uzi kwenye sindano, akaukunja, akauweka kwenye kopo la vifungo. Vile vifuko sita havikushonwa.

Alhamisi asubuhi msafara ulijipanga langoni. Masanduku yalikuwa yametandikwa ndani mimea laini mibichi, ile inayoota kwenye mawe yenye unyevu, na wabebaji wanne walikuwa wanasugua mabuti huku dereva akiwahesabia brashi. Mkuu wa kituo alikuwepo, amevaa sare kamili kwa heshima ya siku. Mzee Wapo alikuja amevaa kandambili. Daktari alimwona akatabasamu, akamwuliza kama anakuja kuwaaga.

"Daktari," alisema, "sikufika."

"Hukufika wapi, Mzee?"

"Bwawa la tano. Tangu goti liumie sijafika, hii ni miaka tisa. Nakaa chini nawasikiliza, halafu naandika nimefika."

Brashi zilinyamaza. Daktari aliweka chini kile alichokuwa ameshika.

"Na maji?"

"Maji nilikuwa najimwagia gotini."

Dereva alitoa sauti iliyotaka kuwa kicheko, akaimeza. Daktari alisogea karibu kabisa, akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha jibu. "Hakuna hata tone moja lililopanda?"

"Hata tone." Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akamalizia. "Na nyati hakuwepo. Ilikuwa balbu."

Daktari aliketi juu ya sanduku. Alifunika uso kwa mikono, na watu walidhani analia kwa hasira. Alipoinua uso alikuwa mweupe wa midomo. Alisema kwamba saa sita mchana ule angekuwa amewaua arobaini kwa mikono yake mwenyewe, huku anashangilia, na wale ishirini na wawili waliobaki angewashusha mwezi uliofuata. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akasema tena. Kisha akasimama, akamshika Mzee Wapo mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachia haraka.

Mkuu wa kituo yeye hakumshika mtu mkono. Alimwambia Mzee Wapo kwamba amemdanganya miaka tisa, na Mzee Wapo akajibu ndiyo, mkuu. Mkuu alimtazama kidogo, kisha akaangalia chini, kwenye mabuti yake mwenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinampitia kichwani, na kila mtu pale alikijua, kwamba chini ya kila "nimefika" kulikuwa na saini yake ndefu.

Daktari, kwa kuwa ni daktari, hakutaka kwenda kwa maneno ya mtu tena, hata maneno ya kweli. Alichukua vyura watatu tu kutoka juu, akaenda nao maabara ya mjini, akawaweka kwenye maji ya bwawa la kwanza. Mzee Wapo aliomba aambiwe matokeo yoyote yatakayokuwa. Wiki ya tano simu ikaja. Wote watatu waliugua. Wawili walikufa, mmoja alipona kwa dawa ya kuogeshwa kila siku. Mzee Wapo alishukuru kwa yule mmoja, na wale wawili aliwakumbuka siku nyingi, maana alijua wamekufa kuthibitisha jambo ambalo yeye angeweza kulisema miaka tisa nyuma. Juu ya mwamba walibaki hamsini na tisa, hawana kinga yoyote, hawajui lolote, wanagonga vijiko vyao.

Barua ya onyo ilifika baada ya mwezi. Ilimwondoa kwenye doria, ikamtaka arudishe daftari na dumu, ikampangia kazi ya langoni, kwenye beseni, mpaka siku yake ya kustaafu. Ya nyumba haikutajwa. Dereva, ambaye barua zote hupita kwenye gari lake na baadhi kwenye macho yake, alimweleza baadaye kwamba mkuu wa kituo alipopeleka taarifa makao makuu aliambatanisha karatasi ya pili. Ndani yake alieleza kwamba yeye naye kwa miaka tisa alitia saini kurasa ambazo hakuzisoma, na kwamba kama kuna adhabu igawanywe. Mzee Wapo alipolisikia hilo alikwenda kusimama mlangoni kwa mkuu kutoa shukrani, akakuta mkuu hataki kuzungumzia jambo hilo, wakazungumzia mvua.

Na hapo langoni, jamani, ndipo watu walipomjua. Hata chui hakutisha kama huyu mzee na brashi yake. Kila buti lilisuguliwa soli, kisigino, na ulimi, na vijiwe vilivyobana kwenye soli vilichokolewa kwa msumari. Kijito alikizungushia kamba, asioshe mtu kitu humo. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alisema viatu vyake ni vipya, havijakanyaga tope. Mzee Wapo alimwambia hata mwongo huanza akiwa msafi, avue. Akavua. Mkuu wa kituo alirudishwa mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili alirudi mwenyewe kabla ya kuitwa. Miezi minne mkuu hakumtania kwa lolote. Mwezi wa tano alimwuliza kama goti nalo limeoshwa, na Mzee Wapo akaenda nyumbani amefurahi kama aliyepandishwa cheo.

Jioni mkewe alimkanda goti kwa mafuta ya uvuguvugu, na alipenda kulisemesha. Aliliambia kwamba katika nyumba ile ndilo pekee lenye akili, maana mwenyewe alitaka kupanda, lenyewe likakataa. Mzee Wapo alicheka, lakini moyoni alilishukuru kweli. Alikishukuru hata kile kiti cha plastiki. Alimshukuru mwenye ufunguo wa stoo aliyekwenda likizo. Ukianza kushukuru kwa namna hiyo hujui pa kusimamia, na yeye hakusimama.

Bwawa la tano lilifungwa. Hakuna anayepanda ila daktari, mara moja kila miezi mitatu, amesuguliwa na Mzee Wapo mwenyewe hadi kwenye kucha. Juu ya mwamba alifunga kisanduku kinachonasa sauti, na anaposhuka huja na kadi ndogo kama ukucha. Miezi yote kumi na minne alishuka akasema wazima, na Mzee Wapo alimwamini, lakini hakuomba kusikiliza. Aliona hajastahili.

Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyeipanga, kalenda tu. Asubuhi alisugua mabuti ya daktari, mchana akampokea akishuka, akayasugua tena. Daktari hakwenda ofisini. Aliweka mashine yake juu ya meza ya langoni, kati ya beseni mbili, akaingiza kadi. Mkewe alikuwa amekuja na kitambaa cha kumfutia jasho, mpishi na dereva walisogea, na mkuu wa kituo alitoka ofisini, simu ameiacha ndani.

Kwanza ulisikika upepo. Halafu kijiko kimoja kwenye kikombe. Halafu kingine, upande wa pili, kikakijibu. Halafu vikaja vingi, vikagongana, vikajaa pale langoni hadi mbebaji mmoja aliyekuwa anapita akasimama. Katikati yake kulikuwa na sauti nyembamba zaidi, za haraka, na daktari alisema hao ni wapya, wa mvua hii. Mzee Wapo alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza kwenye lile jiwe, ila safari hii machozi yalimtiririka mbele za watu na mkewe akampa kile kitambaa.

Ilipokwisha, mkuu wa kituo alimwekea mbele daftari la doria na kalamu. Alisema tu kwamba ukurasa wa leo bado haujaandikwa. Mzee Wapo alitazama mistari mitupu, mwaka mzima na zaidi hajaigusa. Akashika kalamu, na mwandiko ulitoka ule ule.

Bwawa la tano. Sikufika. Nimewasikia. Wapo.

Mkuu wa kituo alilivuta daftari upande wake, akavaa miwani, akausoma mstari wote neno kwa neno, ndipo akatia saini.